Seva ya Nyumbani Huanza na Stima, Diski Baadaye

Hapa Kisumu Dala leo jua limewaka mpaka mabati yanalia, na ninavyoandika haya nasikia ngurumo kwa mbali upande wa ziwa. Jioni itanyesha. Na ikinyesha, stima itapotea. Nawaambia mapema ili mjue ni kwa nini nina haraka, na pia ni kwa nini nina hasira.

Wiki jana kijana mmoja wa mtaa wa Migosi alinijia na karatasi. Amepata kazi, kazi ya kwanza ya maana, na anataka kujenga seva ya nyumbani: mahali pamoja pa kuweka filamu, muziki, picha za familia na video za harusi na matanga, ili kila mtu nyumbani atazame kwenye runinga au simu yake. Wazo zuri sana. Nikamwambia, lete hiyo orodha tuione.

Ndugu zangu, nilikaribia kuichana ile karatasi. Kasha la diski nne. Diski nne za terabaiti nane kila moja. Kumbukumbu aina ya ECC, gigabaiti 32. Kadi ya mtandao ya gigabiti 10. RAID 5. Jumla yake ingenunua ng'ombe kadhaa wa maziwa na ndama wao. Nikamuuliza, "Omera, una filamu ngapi kwa sasa?" Akajibu kwamba vyote alivyo navyo, pamoja na muziki na picha, havijai terabaiti moja. Nikamuuliza tena, "Na stima ikipotea?" Akanyamaza. Kwenye ile karatasi yote hapakuwa na mstari hata mmoja kuhusu stima.

Hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Ushauri wa vifaa vya seva unaosambazwa huku kwetu umeandikwa na watu wa miji ambayo stima haikatiki, wakauandika kwa ajili ya majirani zao. Kwao ni ushauri mzuri. Sisi tunaunakili neno kwa neno, tunauza ng'ombe, halafu tunapoteza vitu ambavyo hata ng'ombe mia hawawezi kuvirudisha. Nasema hivyo kwa sababu nilipoteza.

KISA CHANGU

Marehemu baba yangu alikuwa na kaseti. Nyingine zilikuwa benga alizonakili redioni na kwenye sahani za santuri. Ule ndio muziki ambao Phares Oluoch Kanindo aliusambaza miaka ya 1970 hadi ukafika Zimbabwe, na wenyeji wa kule wakauita kanindo kwa jina lake. Muziki wa aina hiyo, ukitafuta sana, utaupata kwingine. Lakini zilikuwepo kaseti sita ambazo hazikuwa na muziki wa duka lolote. Baba alikuwa ameweka kinasa sauti mbele ya mama yake, nyumbani karibu na Kendu Bay, akamwacha bibi azungumze: nani alimzaa nani, ukoo ulihama kutoka wapi, nani alizama ziwani mwaka gani, na katikati ya hayo kuku wanasikika na mtoto analia. Mtoto huyo, nimeambiwa, ni mimi.

Nilizihamisha kaseti zote kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, kwa miezi. Kisha nikafuata ushauri wa wataalamu. Nilinunua kasha la diski nne, nikaweka RAID, nikatulia roho. Kaseti zenyewe zilikuwa zimeanza kunata na kukwama, nikazitupa. Ndiyo, nilizitupa. Mnaruhusiwa kunicheka.

Jioni moja ya Aprili radi ikapiga karibu, stima ikapotea, ikarudi kwa nguvu, ikapotea tena, ikarudi. Kulikuwa na harufu ya plastiki. Usambazaji wa pawa ndani ya kasha uliungua, na ulipoungua haukufa peke yake: uliondoka na diski tatu kati ya nne. RAID 5 inavumilia kufa kwa diski moja. Diski zikifa tatu, hesabu imekwisha. Fundi wa Nairobi niliyempelekea alizitazama, akataja bei, akaongeza kwamba haahidi chochote. Nilikaa kwenye matatu nikirudi na diski mapajani kama mtu anayetoka hospitali.

Kati ya zile kaseti sita za bibi, leo ninazo mbili. Zilipona kwa sababu binamu yangu wa Mbita alikuwa amenisumbua siku moja nimtilie kwenye kadi ya simu yake asikilize. Kadi ndogo kama ukucha, ya bei ya samaki wawili, ndani ya simu iliyopasuka kioo, iliokoa kile ambacho mtambo wangu wa kifahari ulikipoteza. Zile nyingine nne zimekwenda.

Basi nimejipa haki ya kusema kwa sauti.

KOSA LA KWANZA: KUANZA KWA KUHESABU DISKI

Fungua ukurasa wowote wa ushauri. Swali la kwanza huwa: unataka kasha la diski ngapi? Hapa kwetu swali la kwanza ni: kitu hiki kitafanya nini stima ikipotea saa mbili usiku huku kinaandika?

Wala sitii chumvi. Mwaka 2023 peke yake Kenya iliingia gizani karibu nchi nzima mara tatu kubwa: tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba. Hayo ni yale ya taifa, yaliyoandikwa magazetini. Yale ya mtaa wako, ya transfoma kulipuka au mti kuangukia waya, hakuna gazeti linaloyahesabu. Juu ya hayo tunakaa kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, ziwa linalopika mvua ya radi karibu mwaka mzima. Ukitoka hapa kwenda Kakamega au kupanda Kisii, hakuna atakayekuuliza radi ni nini.

Stima inapopotea kuna hatari mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kukatika: diski ilikuwa katikati ya kuandika, sasa orodha ya mafaili imevurugika. Ya pili ni kurudi: stima inaporejea, volti hupanda na kushuka kabla haijatulia, na hapo ndipo vifaa huungua. RAID haitibu hata moja ya hizo. RAID ilibuniwa kwa ugonjwa mwingine. Patterson, Gibson na Katz wa chuo kikuu cha Berkeley walipoandika karatasi yao ya mwaka 1988, hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi za bei ndogo zikiunganishwa zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei ghali, na mfumo ukaendelea kufanya kazi hata diski mojawapo ikifa. Kuendelea na kazi! Benki inahitaji hilo. Hospitali inahitaji hilo. Wewe filamu ikikatika Jumamosi usiku utakwenda kulala, na kesho utanunua diski nyingine. Kitu unachokihitaji wewe ni nakala rudufu, yaani nakala ya pili iliyo mahali pengine, nje ya kasha hilohilo, waya huohuo na radi hiyohiyo.

KOSA LA PILI: KOMPYUTA YA BURE

Kuna kundi la pili, na hawa ni marafiki zangu, kwa hiyo nitawapiga taratibu. Wanasema: kwa nini ununue chochote? Chukua ile kompyuta kubwa ya zamani iliyo chini ya meza, weka Linux, kazi imekwisha. Ni bure!

Haya, tupige hesabu. Kompyuta ya mezani ya enzi za Core 2 Duo ikiwa imekaa tu haifanyi kitu hula kama wati 65. Seva haizimwi. Kwa hiyo:

Wati 65 kwa saa 24 ni yuniti 1.56 kwa siku.
Kwa mwezi ni karibu yuniti 47.
Kwa mwaka ni karibu yuniti 569.

Chukua bei ya shilingi 28 kwa yuniti, pamoja na kodi na makato yake. Kama tokeni zako zinakuambia bei nyingine, badilisha mwenyewe. Hiyo ni karibu shilingi 15,900 kwa mwaka. Bure gani hiyo? Na si hilo tu. Katika mpangilio wa bei ulioanza mwaka 2023, nyumba inayotumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei nafuu kuliko wengine. Chumba na sebule cha Nyalenda chenye taa, runinga na chaja kinaweza kukaa humo. Weka kompyuta ya bure, na yenyewe peke yake imeshakutoa kwenye kundi hilo, hata kabla hujawasha taa.

Laptopu ya zamani iliyofungwa kifuniko, skrini imezima, hula kama wati 10. Kwa mwaka ni karibu yuniti 88, yaani shilingi 2,450 hivi. Tofauti kati ya hizo mbili ni zaidi ya shilingi 13,000 kila mwaka. Hiyo pesa ndiyo diski yako ya nakala rudufu. Umekuwa ukiichoma kuwa joto, tena Kisumu, mji ambao haujawahi kulalamika kwa kukosa joto.

KOSA LA TATU: "WEKA TU KWENYE WINGU"

Kundi la tatu huvaa vizuri na hunicheka. Seva ya nini siku hizi? Lipia wingu, kila kitu kiko juu huko, hakuna radi.

Nakiri hoja yao ina ukweli. Kwa picha za simu na hati muhimu, wingu ni sawa, na hata mimi ninalo dogo. Lakini tupige hesabu tena. Terabaiti mbili kwenye wingu ni kama dola 10 kwa mwezi, basi ni zaidi ya shilingi 15,000 kwa mwaka, kila mwaka, milele. Ukikosa kulipa miezi kadhaa, si jirani utakayembembeleza. Kisha kupandisha: ukiwa na kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde, terabaiti mbili zitachukua zaidi ya siku 18 bila kupumzika hata dakika. Siku 18 bila stima kukatika? Hapa?

Sasa linganisha. Weka diski ya terabaiti mbili mfukoni, panda matatu stendi, pitia Ahero na Katito hadi Kendu Bay. Tuseme saa mbili pamoja na kusubiri abiria wajae. Hiyo ni kasi ya zaidi ya gigabiti 2 kwa sekunde. Hakuna kampuni ya faiba itakayokuuzia hiyo kwa nauli ya matatu, na njiani unanunua mahindi ya kuchoma.

BASI NUNUA NINI?

Sipendi mtu anayebomoa bila kujenga, kwa hiyo huu hapa ushauri wangu, kwa mpangilio. Mpangilio ndio muhimu.

1. Mashine. Nunua laptopu ya mtumba iliyovunjika skrini. Mafundi wa simu na kompyuta mjini wanazo zimerundikana, kwa sababu bei ya skrini mpya inazidi thamani ya laptopu. Yangu niliipata kwa shilingi 9,000 baada ya kubishana hadi chai ikapoa. Skrini hutaihitaji, wakati wa kuweka mfumo unaunganisha na runinga, baadaye unaingia kupitia mtandao. Na unapata kitu ambacho kasha la bei ghali halina: betri ndani yake. Stima ikipotea, seva haina habari. Ikirudi kwa fujo, inakutana kwanza na chaja ya bei ndogo, na baada ya hapo kuna betri.

Tafuta yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita kwenda juu, na kizazi cha saba ukipata, kwa sababu kutoka hapo inafungua video za HEVC za biti 10 bila kutoa jasho. Gigabaiti 8 za kumbukumbu zinatosha na kubaki. Angalia iwe na tundu la waya wa mtandao na tundu la USB 3, lile ambalo mara nyingi ni la buluu.

Kama laptopu inakukera, mbadala ni zile kompyuta ndogo za ofisi zinazoitwa ex-UK, za ukubwa wa kitabu: OptiPlex Micro, EliteDesk Mini, ThinkCentre Tiny. Au mpya zenye prosesa ya N100 ambayo Intel iliitoa mwaka 2023. Ni nzuri, hazili stima nyingi. Ila hazina betri, kwa hiyo ongeza bei ya UPS kabla hujafurahi. UPS ndogo ya kawaida ina betri ya volti 12 na ampea 7 kwa saa. Ukiitumia nusu tu ili isife mapema, mzigo wa wati 20 hadi 25 unaweza kukaa kama saa moja au zaidi. Chagua yenye kirekebisha volti ndani yake, na uiunganishe na mashine kwa waya wa USB ili programu ya NUT iizime mashine kwa heshima betri ikikaribia kuisha.

2. Diski. Nunua mbili za inchi 2.5 za nje, za USB. Angalia ninavyosema mbili, na hazikai pamoja. Kwa nini inchi 2.5 na si zile kubwa za inchi 3.5? Kwa sababu ndogo hunywa stima kutoka kwenye USB ya laptopu yenyewe, kwa hiyo zinakingwa na betri ileile. Kubwa huhitaji chaja yake ya volti 12 ukutani, na stima ikipotea laptopu itabaki hai ikitazama diski iliyokufa. Watu wengi hawafikirii jambo hili mpaka siku ya kwanza ya giza.

Najua mtasema: lakini diski ndogo za nje nyingi ni za SMR, zile zinazoandika njia zikilaliana kama vigae vya paa, na ni za polepole. Kweli kabisa. Na kuna sababu ya watu kuwa wakali juu ya hilo: mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital ilikuwa imeweka SMR kwenye baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya makasha ya NAS, bila kuwaambia wanunuzi. Kwenye RAID, SMR ni balaa, hasa wakati wa kujenga upya diski iliyokufa. Lakini filamu na kaseti za bibi huandikwa mara moja na kusomwa mara mia. Kwa kazi hiyo SMR haina kosa. Kosa ni kuificha.

Diski ikifika, usiiamini. Ipe siku mbili za mtihani: iandike yote kisha uisome yote kwa badblocks, halafu usome taarifa zake za SMART. Namba 5 na namba 197 ziwe sifuri. Namba 9 ni saa ilizofanya kazi. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo ukiuziwa "mpya" yenye saa 30,000, rudi dukani ukiwa na shahidi. Na zile flashi za terabaiti mbili zinazouzwa barabarani kwa bei ya soda chache, zipime kwa programu ya f3 kabla hujaweka hata picha moja. Nyingi hudanganya ukubwa wao: zinapokea mafaili yako yote kwa tabasamu, kisha zinakurudishia hewa.

Lakini msilale kwa kuiamini SMART. Wahandisi wa Google walichunguza diski zaidi ya 100,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Diski ikionyesha kosa lake la kwanza la usomaji, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 uliongezeka mara 39. Hiyo ni ishara ya kukimbia. Upande wa pili, zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa ishara yoyote kabla. Nyingine hufa kama mtu aliyelala salama. Hakuna diski nzuri ya kutosha kuwa peke yake.

3. Mfumo. Debian, Samba kwa kushirikisha mafaili, Jellyfin kwa kutazama. Zote ni programu huria, hazidai hata senti. Diski mpya huja imepangwa kwa mtindo wa exFAT au NTFS. Ifute, uipange kwa ext4, ambayo huweka daftari la kazi inayoendelea na kujirekebisha stima ikikatika. Kwenye faili la logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore ili kufunga kifuniko kusiilaze seva. Weka amri ya kujizima betri ikishuka hadi asilimia 15. Kama ni ThinkPad, tumia programu ya TLP kuizuia betri isichaji kupita asilimia 80. Betri iliyojaa saa zote kwenye joto letu huvimba. Kagua kila mwezi, na ukiona kifuniko kinainuka kama chapati, itoe mara moja. Huo ndio udhaifu wa njia yangu, nami siufichi.

4. Mtandao. Filamu ya saa mbili ya gigabaiti 6 inahitaji megabiti 7 hivi kwa sekunde. Saba! Waya wa kawaida wa megabiti 100 unabeba filamu kumi na bado una nafasi. Kadi ya gigabiti 10 kwa runinga moja ya Migosi ni kununua lori la kubebea kilo ya omena.

5. Mahali. Weka seva juu ya kabati, mbali na dirisha, kando ya ukuta usiopigwa na jua. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi jioni huingia kwenye feni wakakauka humo. Ninaoishi nao karibu na Dunga wananielewa. Safisha feni kila baada ya miezi mitatu. Na mwite fundi apime waya wa ardhini wa nyumba yako. Nyumba nyingi za kupanga zina tundu la tatu kwenye soketi ambalo haliendi popote.

NA ILE DISKI YA PILI?

Hapa ndipo makala yote yanapoishia. Diski ya pili haichomekwi. Mara moja kwa mwezi unaiunganisha, unaendesha rsync, unaichomoa, unaitia kwenye mfuko usiopitisha unyevu, unaiondoa nyumbani. Ipeleke kwa dada yako, ofisini, au dala kwa wazazi. Diski isiyochomekwa haipigwi na radi. Diski isiyo nyumbani haiibwi na mwizi wa nyumbani.

Kwa kawaida hapa mtu huuliza, je, terabaiti mbili zitatosha? Kaseti ya dakika 60 ikihamishwa kwa ubora wa CD ni kama megabaiti 635. Kaseti mia moja hazifiki gigabaiti 64. Kanda za MiniDV za harusi ni gigabaiti 13 kwa saa. Kanda 40 za saa moja ni gigabaiti 520. Hebu fikiri: sauti na video zote za ukoo mzima kwa vizazi vitatu zinaingia kwenye diski moja ya mfukoni na kubakiza nafasi ya filamu za Nigeria. Ukubwa haujawahi kuwa tatizo letu. Tatizo letu ni nakala ya pili.

WATAKAONIPINGA

Najua mnakuja. Mtaniambia ZFS, iliyotoka Sun Microsystems mwaka 2005, hukagua kila kipande cha data na kugundua kuoza kwa biti, na kwamba ext4 juu ya USB haifanyi hivyo. Kweli. Kwa hiyo tengeneza orodha ya sha256sum ya mafaili yako na uikague kila unapofanya nakala. Ni kazi ya mistari mitatu. Mtaniambia USB hukatika. Kweli, hasa waya ukiwa mrefu au mtoto akiuvuta. Tumia waya mfupi na ufunge kwa utepe. Mtaniambia una studio ya video, una terabaiti 30, wateja wanasubiri. Basi wewe nunua kasha kubwa, diski za CMR, ECC, yote. Ni mtaji wa kazi, na umwongezee UPS kubwa na diski za nje ya jengo. Sijakukataza. Ninawasemea watu wa sebuleni, nao ndio wengi.

Ninachokataa ni ile kasumba kwamba kitu cha bei ghali ni salama kwa sababu ni cha bei ghali. Mtambo wangu ulikuwa na taa nne za kijani zilizowaka vizuri sana hadi dakika ya mwisho.

Yule kijana wa Migosi? Tulikwenda pamoja kwa fundi. Amenunua laptopu ya kizazi cha saba yenye mstari mweusi katikati ya skrini, diski mbili, na mfuko wa plastiki wa kufunga. Pesa iliyobaki ni nyingi mno kuliko iliyotumika. Nimemshauri aende kwao Usenge na kinasa sauti cha simu, akae mbele ya babu yake kabla msimu wa mvua haujafunga barabara. Kitu cha thamani kwenye seva ni hicho, na hakuna duka linalokiuza.

Ngurumo sasa ziko juu ya paa. Nachapisha haya, kisha naichomoa ruta.

Mbaki salama, na mfanye nakala. Oriti!